Sura ya Tano: Asubuhi ya Mtoto Baina ya Mikono Miwili

Mama wa Dar es Salaam akaaye Mbagala au Gongo la Mboto, ambaye riziki yake iko Kariakoo, huondoka kwake kabla ya mapambazuko, mtoto mgongoni na kikapu mkononi, na kabla haijatimu saa kumi na mbili na nusu huwa amekwisha kumkabidhi mwanawe kwa mlezi, ama bibi wa jirani aleaye watoto wanne watano barazani pake kwa ujira mdogo, ama kituo cha kulelea watoto mchana chenye uzio na kibao mlangoni. Makabidhiano yenyewe hayadumu zaidi ya muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, kwa kuwa daladala haimngoji mtu. Na katika dakika hizo chache ndimo chakula cha asubuhi cha mtoto kinamopotelea. Mama hudhani kuwa mlezi atamlisha, madhali amemwachia chupa ya uji. Mlezi hudhani kuwa mtoto amekwisha kulishwa kwao, madhali amekuja amelala wala halii. Na mtoto, ambaye hajajaliwa bado ulimi wa kutoa ushahidi, hukaa na njaa hadi saa nne na zaidi, katikati ya watu wawili wampendao.

Nimekaa katika baraza nyingi za namna hiyo, wala sijapata kumwona mama aliyemwacha mwanawe na njaa kwa kutojali, wala mlezi aliyemnyima mtoto kwa inadi. Nilichokiona ni amana inayotolewa bila maelezo na kupokewa bila maswali. Kwa hiyo, ingawa katika sura hii nitasema habari za maziwa na uji na vipimo vyake, msomaji asisahau kwamba kila nitakalolitaja lina watu wawili ndani yake, atoaye na apokeaye, na kwamba chakula kizuri alichokipika mmoja bila mwenziwe kujua kiliwe lini na kwa namna gani, aghalabu huishia kumwagwa.

Tuanze na mtoto ambaye hajatimiza miezi sita. Shauri la Shirika la Afya Duniani, ambalo wakunga na waganga wetu wamelipokea, ni kwamba mtoto huyo asipewe kitu chochote ila maziwa ya mama, hata maji, na kwamba baada ya hapo aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka afikilie miaka miwili au apite. Na watu wa pwani hawakuona ugeni katika hesabu hiyo ya miaka miwili, kwa sababu waliisoma katika Qurani kabla ya kuisikia zahanati. Lakini hesabu ya kazi ni nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama wa Tanzania siku 84 za likizo ya uzazi, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Siku 84 ni wiki 12, na miezi sita ni wiki zipatazo 26, almuradi zimebaki wiki 14 ambazo mtoto hatakiwi kula kitu ila maziwa, na mwenye maziwa yuko kazini. Na mama aliyeanza likizo yake wiki nne kabla ya kujifungua, kama sheria inavyomruhusu, hurudi kazini mtoto akiwa na wiki nane tu. Sheria hiyo hiyo imemwekea mama anyonyeshaye hadi saa mbili kila siku ndani ya muda wa kazi, na huko Kenya Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Lakini muuza nyanya wa Kariakoo hana mwajiri wa kumdai saa hizo mbili, na karani ambaye mtoto wake yuko mwendo wa saa nzima kwa daladala huzitumia zote njiani. Wiki hizo 14 ndizo zinazojazwa uji mwepesi, maji ya sukari na maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa, katika tumbo ambalo halijawa tayari kwa lolote katika hayo.

Dawa ya hapo ni mbili, na zote mbili zahitaji mlezi azijue. Ya awali ni kumnyonyesha mtoto mlangoni mwa mlezi, hata kama alinyonya alfajiri kitandani. Mama akae chini robo saa, ampe ziwa moja mpaka alimalize na la pili akilitaka, ndipo amtoe mikononi; hicho ndicho chamshakinywa chake cha hakika, na mlezi amekiona kwa macho yake. Ili robo saa hiyo ipatikane, yapasa iibwe mahali pengine, katika kufua au kufagia, kazi ambazo mume aliyeko nyumbani anaweza kabisa kuzichukua, na naona ni haki azichukue.

Ya pili ni kukamua maziwa. Mikono ioshwe kwa sabuni, chombo kiwe kimechemshwa, na mama akamue taratibu kwa vidole vilivyoshika nyuma ya weusi wa titi, si kwa kuvuta chuchu. Maziwa hayo hukaa salama kwa muda wa saa nne mahali pasipozidi joto la digrii 25, na katika jokofu hukaa hadi siku nne. Lakini mtu wa pwani ajue kwamba mwezi wa Januari chumba cha bati hupita digrii 25 kabla hata jua halijakaza, kwa hiyo asiitegemee hiyo saa ya nne, bali aweke chombo chake katika kikasha chenye barafu au amwombe mlezi mwenye jokofu amhifadhie. Wakati wa kunywesha, chombo kisimamishwe ndani ya bakuli la maji ya moto hadi ubaridi utoke, wala kisibandikwe motoni. Kizungushwe polepole, maana mafuta ya maziwa huelea juu. Na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, amekaa wima pajani, ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wa chini, ayarambe mwenyewe bila kumwagiwa kooni. Chupa yenye chuchu ya mpira ina mapindo ambamo uchafu hujificha, ilhali kikombe huoshwa kwa dakika moja kikaonekana chote. Mlezi aliyezoea chupa hudhani kazi ya kikombe ni ndefu. Baada ya siku tatu hukuta mtoto amejifunza kabla yake.

Pana jambo moja ambalo sijaliona likitajwa katika karatasi zinazobandikwa kwenye kuta za zahanati, nalo ni zito kwa Waislamu wa pwani yetu, ambao wengi wao wako katika madhehebu ya Shafii. Kwa madhehebu hayo, mtoto aliyenyonya maziwa ya mwanamke mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mtoto wake wa kunyonya, na watoto wa mwanamke huyo huwa ndugu zake asioweza kuwaoa. Na wanazuoni wengi huyahesabu maziwa yaliyonywewa chomboni sawa na yaliyonyonywa titini. Mlezi aliyekosea vikombe mara moja hajaunda udugu, lakini palipo na vikombe sita mezani, vyote vya rangi moja na visivyo na alama, nani atajua ilikuwa mara moja? Basi jina la mtoto na saa ya kukamuliwa viandikwe juu ya kila chombo kwa wino usiofutika kwa maji, au kila mama afunge uzi wa rangi yake mwenyewe; na kituo kisichokubali taabu hiyo ndogo mama asikiachie maziwa yake. Hata asiye Mwislamu apaswa kulitaka hilo, kwa kuwa maziwa ya mwanamke huweza kuchukua maradhi yake.

Nakuja sasa kwa mtoto aliyepita miezi sita, ambaye akiba ya madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni mwa mamaye imekwisha kupungua, na ambaye maziwa peke yake hayamtoshi tena. Huyu ndiye mtoto wa uji, na hapa ndipo niombapo subira ya msomaji, kwa sababu nitamweleza habari ya shingo ya chupa.

Mama apikaye uji saa kumi za usiku ili mtoto aunywe saa tatu asubuhi huutia katika chupa ya chai, na chupa ya chai ina shingo nyembamba. Uji mzito haumiminiki humo, wala ukimiminika hautoki. Kwa hiyo mama huuzimua. Anaponunua chupa ya kunyonyea, uji aliouzimua hukwama katika tundu la mpira, basi huuzimua tena, au mlezi hulipanua tundu kwa sindano. Mwisho wake ni kwamba kilichoamua uzito wa chakula cha mtoto ni chombo, wala si mahitaji yake. Mtoto wa miezi minane ana uzito wa kilo nane hivi, na tumbo lake hupokea kwa mlo mmoja gramu zipatazo 30 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 240, kikombe kimoja cha kawaida na si zaidi. Uji wa chupa, wenye gramu tano za unga katika kila gramu mia, humpa katika kikombe hicho gramu 12 za unga, nazo hazifiki kalori 45. Uji mzito wenye gramu 15 katika mia humpa kalori 126 katika kikombe kile kile. Mtoto wa umri huo anayenyonya vizuri ahitaji kalori zipatazo 200 kwa siku kutoka katika vyakula vingine. Wa kwanza atashiba maji, atalala, ataamka analia, na watu watasema ana choyo.

Wala si uzito peke yake. Uji uliopikwa saa kumi usiku na kuachwa upoe nusu katika chupa isiyoshika moto vizuri huwa umekaa saa tano katika joto la uvuguvugu ambalo vijidudu hulipenda, na vingine vya nafaka huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa, zikaja kuota chombo kikipoa. Mtoto huharisha, na mama hulaumu meno. Kwa hiyo natoa shauri langu bila kusitasita: mama asimpelekee mlezi uji, ampelekee unga. Unga mkavu katika kopo safi, wa kutosha wiki, na kijiko cha kupimia ndani yake. Mlezi apike saa mbili na nusu kwa maji mapya, na mtoto ale saa tatu. Kama mlezi hana muda wa kupika vyungu vitano kwa watoto watano, basi wazazi watano wakubaliane unga mmoja na chungu kimoja, na kila mmoja achangie mkaa.

Uzito wa uji hupimwa kwa jicho: ukiinua kijiko na ukabaki juu yake, umefaa, ukichuruzika wote, bado. Na kwa mtoto mchanga zaidi, ambaye hajaweza kumeza kitu kizito, wanawake wa bara wapikao pombe walikuwa na maarifa ambayo wataalamu walikuja kuyapima baadaye. Ulezi ulioloweshwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa, huitwa kimea. Kijiko kimoja cha kimea kikikorogwa katika sufuria ya uji mzito uliopoa kidogo, uji hulainika machoni pako ukawa wa kunyweka, bila tone la maji kuongezwa, kwa kuwa kimea huukatakata wanga wa unga. Kisha huchemshwa tena kidogo ukawa salama. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikishughulikia sana kimea katika miaka ya 1980. Na mkoani Iringa, katika miaka hiyo hiyo, mpango wa lishe uliosaidiwa na WHO na UNICEF uliwafanya wanavijiji waweke mahali pa kuwalishia watoto mama zao wakiwa shambani, kwa kuwa ilikuwa imedhihirika kwamba mtoto mdogo hawezi kungoja mlo wa watu wazima, hata chungu kikiwa kimejaa. Nasikitika kwamba mijini tumejenga vituo vingi na kimea hatukuingia nacho.

Sasa unga wenyewe uwe wa nini? Pana mapenzi makubwa siku hizi ya unga wa lishe wenye nafaka saba au kumi, pamoja na karanga na soya na dagaa, vyote vimesagwa mara moja kwa matumizi ya mwezi. Sioni faida yake. Nafaka mbili zatosha, ulezi na mchele kwa mfano. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa barabara huzuia tumbo kuifaidi protini yake. Na karanga zikisagwa mbichi na kukaa mwezi mzima koponi huchacha, na zikiwa zimeota ukungu huwa na sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Sumu hiyo katika mahindi iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua tena watu Dodoma na Manyara. Karanga zichaguliwe moja moja, zikaangwe, zisagwe kidogo kidogo, na kijiko chake kitiwe katika uji siku ile ile. Karanga nzima mtoto mdogo asipewe kabisa, kwa hatari ya kumpalia.

Lakini kwa nini asubuhi iwe ya uji kila siku? Watu wa Mombasa na Unguja wana mbaazi za nazi, ambazo wao huzila na mahamri, na sijaona chakula cha asubuhi kinachomfaa zaidi mtoto wa miezi tisa kuliko mbaazi hizo, zikitolewa chunguni kabla ya chumvi na pilipili, zikapondwa na kuchujwa maganda, tui likawa ndiyo mafuta yake. Ndizi mbivu iliyopondwa na kiini cha yai lililoiva. Kiazi kitamu chenye rangi ya machungwa pamoja na dagaa waliosagwa. Ini dogo la kuku lililochemshwa na kupondwa ndani ya wali laini: hivi vyote husaidia kurudisha chuma kilichopungua mwilini. Chai hufanya kinyume chake, huzuia chuma kisipokelewe, na hata hivyo andazi lililochovywa katika chai ndilo nililoliona mikononi mwa watoto wengi, kwa kuwa ndilo alilo nalo mlezi saa hiyo. Asali nayo, pamoja na heshima yake yote kwetu, isimfikie mtoto kabla ya mwaka mmoja, maana yaweza kuwa na mbegu za maradhi ambayo tumbo changa haliwezi kuyashinda.

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na kubabuka ngozi, walioachishwa ziwa wakapewa uji wa mahindi na karibu hawapati kitu kingine. Na mwaka 1935 akautangaza kwa jina walilouita mama wenyewe kwa lugha ya Kiga, kwashakoo, lenye maana ya ugonjwa wa mtoto aliyepishwa na mwenziwe azaliwaye. Nikisoma hayo hukumbuka neno letu la kubemenda, ambalo huwatupia wazazi lawama ya kitandani mtoto akikonda, mpaka mama akaona haya kumpeleka zahanati. Waga waliyaona yale yale tuliyoyaona sisi, mtoto wa umri ule ule akififia. Lakini jina lao lilimtazama mtoto na mahali pake palipochukuliwa, na letu likawahukumu wazee wake. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilipofungua kituo cha Mwanamugimu mwaka 1965, haikumhukumu mtu. Iliwafundisha mama kupika kitobero, ndizi au viazi pamoja na maharage au njugu na kitu cha mnyama, vyote katika mlo mmoja, na watoto wakainuka.

Kumlisha kwenyewe ni kazi ya subira, na mlezi mwenye watoto watano ana haraka. Nimeona mtoto akilazwa chali mapajani, pua ikabanwa, uji ukamiminwa kwa kiganja, akameza kwa kuwa hana budi apate pumzi. Uji huweza kuingia mapafuni kwa njia hiyo. Na mtoto aliyelishwa hivyo hulia akikiona kikombe tu, watu wakasema hapendi kula. Akae wima, atazamwe usoni, apewe nusu ya kijiko, angojwe. Akigeuza kichwa, apumzishwe kisha ajaribiwe tena. Watoto watano hawawezi kulishwa hivyo kwa pamoja, basi mkubwa wao apewe chake mkononi ajichafue, na wadogo walishwe mmoja mmoja kuanzia yule aliyefika mapema, kwa sababu ndiye aliyenyonya zamani zaidi. Ili mlezi amjue huyo ni nani, hana budi kuambiwa. Nami nilipata kusikia, katika baraza moja ya Temeke, namna ya kuambiwa iliyonipendeza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Alfajiri kanyonya ziwa moja, la pili kalikataa kwa usingizi. Hapa kamalizia lote. Jana jioni alikula kidogo."

"Choo?"

"Mara moja, kigumu kidogo."

"Basi leo nitampondea papai baada ya uji. Saa tatu, akiwa macho. Akilala nitamngoja aamke, simwamshi. Unga umebaki wa siku mbili, usisahau."

Maneno hayo hayakuchukua dakika mbili. Jioni, mama aliporudi, bibi alimwonyesha kikombe kilichooshwa na kufunikwa kwa kitambaa, akamwambia kwamba mtoto amekula vijiko tisa, cha kumi akakitema, na kwamba maziwa ya kikombe chenye uzi mwekundu aliyamaliza saa tano. Mama akaketi pale pale barazani, akalegeza kanga, akampa mtoto ziwa kabla ya kumfunga mgongoni.